Amri Saba, Sakramenti Kumi

Mwaka nilioharibu mtihani wa Mama Mkubwa nilikuwa na miaka tisa, au labda kumi. Siku zile mtoto alihesabiwa kwa meno yake, si kwa kalenda. Naanza na kosa langu moja kwa moja kwa sababu sipendi watu wanaozunguka. Wajukuu zangu hapa Mazwi, mjini Sumbawanga, wakivunja kikombe huanza na habari za paka, mara upepo, mara sijui nani kagonga mlango. Mimi nasema: nilivunja. Nilimfundisha mwanamke mzima uongo, kwa makusudi, tena uongo juu ya mambo ya Mungu, ili mama yangu asifukuzwe nyumbani.

Na alifukuzwa hata hivyo. Hilo nalo nalisema mapema, msije mkakaa hapa mkingoja muujiza.

Baba yangu alikuwa na wake wawili. Mke wa kwanza nilimwita Mama Mkubwa, kama adabu inavyotaka, na wa pili ndiye aliyenizaa. Tuliishi katika kijiji cha uwanda wa juu, kati ya Sumbawanga na Laela, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona nyasi tu mpaka macho yachoke, na mwezi wa sita upepo unakuingia hadi kwenye mifupa. Mwingereza alikuwa bomani Sumbawanga na bendera yake, mapadre walikuwa misioni na kengele yao, na sisi tulikuwa katikati na ulezi wetu.

Najua mnataka kusikia ugomvi wa uke wenza, maana ndio utamu wa maneno. Hapakuwa na ugomvi. Walitaniana tu. Mama Mkubwa alikuwa mrefu, mikono mikubwa, mzito wa kusema. Mama alikuwa mfupi na mdomo haufungwi. Mama Mkubwa alimwambia, "Mdogo wangu, wewe hata siku ya kufa utazikwa unaongea." Na Mama akajibu, "Na wewe, dada, siku ya ufufuo wenzako watafika kwa Mungu wewe bado unauliza, hivi tumeitwa?" Walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakachukua majembe yao wakaenda shambani.

Mama Mkubwa alizaa watoto wawili, wa kiume na wa kike. Surua iliwachukua wote wawili katika wiki moja, kabla mimi sijajua hata kutembea vizuri. Walipokuwa wanakata roho mama yangu alikimbia kuvuka kijito kumwita Mwalimu wa dini, yule katekista aliyekuwa amejenga kibanda cha kusalia ng'ambo. Mwalimu akaja na kibuyu cha maji, akawabatiza pale pale mkekani. Baada ya maziko akamwambia Baba kwamba watoto wale sasa wako kwa Mungu.

Baba akauliza, "Nitawaona?"

"Ukibatizwa na kushika dini, utawaona."

"Nisipobatizwa?"

Mwalimu akatazama chini. Haya nilisimuliwa na Mama. Tangu siku ile Baba alikuwa na jambo moja tu duniani. Alitaka kuwaona wanawe. Mimi nilikuwa hai, nilikuwa pale pale miguuni pake, nikimletea maji ya kunawa. Lakini mtoto aliye hai haonekani sana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, nami simlaumu. Basi, namlaumu kidogo.

Nyumba nzima ikaingia mafundisho. Siku zile ubatizo haukuwa jambo la kwenda leo ukapata kesho. Ilikuwa miaka minne, na kwetu ikawa karibu mara mbili yake, ya kukaa kwenye kibanda cha Mwalimu, kuvaa medali kwenye uzi shingoni, kukariri maswali na majibu mpaka yakutoke puani. Mama aliyakariri upesi kuliko watu wote. Alikuwa akipepeta ulezi huku anajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe, kwa sauti mbili. Nami nilikuwa mgongoni mwake, halafu kando yake, basi nikayashika yote kabla sijaota meno ya pili.

Lakini kulikuwa na kanuni. Mwanamume anabatizwa na mke mmoja. Yule wa kwanza ndiye mke, na mwingine sharti atoke nyumbani kabla ya ubatizo, arudi kwao. Kila mtu aliijua kanuni hiyo tangu mwanzo, kama mtu anavyojua kwamba atakufa. Na kama mtu anavyojua kwamba atakufa, hakuna aliyeitaja. Miaka ikaenda. Mama akamwamsha Baba kila Jumapili asichelewe. Akamfundisha Mama Mkubwa sala ya asubuhi, neno kwa neno, kama unavyomlisha mtoto uji. Alikuwa anachimba shimo lake mwenyewe kwa jembe lake mwenyewe, na anaimba.

Mwalimu alikuwa na kitambaa kirefu chenye picha, alichopewa misioni. Alikitundika ukutani siku za mafundisho, akatuonyesha kwa fimbo, kuanzia pale Mungu anaumba nuru, mpaka mwisho ambapo watu wanaingia mbinguni, na wengine wanaingia kule kwingine. "Hii ni hadithi moja," alisema. "Hadithi ya Mungu na watu wake. Na kila mmoja wenu yumo humu ndani. Ujitafute."

Mimi nilijitafuta kweli. Mtoto ukimwambia jambo hulichukua kama lilivyo. Nilitazama kitambaa kile wiki baada ya wiki, nikajikosa. Kisha siku moja, pembeni kabisa, chini ya mkono wa mzee mmoja mwenye ndevu, nikaona mwanamke mdogo mdogo anakwenda zake. Ameshika mkono wa mtoto, na begani ana kiriba cha maji. Nikamwuliza Mwalimu ni nani.

Akasema ni mke mdogo wa mzee yule. Mke mkubwa alitaka aondolewe, basi akaondolewa na mwanawe, akapewa mkate na maji, akaenda nyikani.

"Akafika wapi?"

Mwalimu alikuwa mtu mwema, sitaki mumfikirie vibaya, lakini jua lilikuwa linazama na alikuwa na picha nyingi mbele. Akasogeza fimbo. "Hadithi haiendi huko," akasema. "Inamfuata yule mtoto mwingine."

Nilirudi nyumbani nikamtazama mama yangu anasonga ugali. Hapo ndipo nilipoielewa ile kanuni.

Sasa sikilizeni akili ya mtoto. Kisimani wanawake walikuwa wakisema kwamba mke wa kwanza akiikataa dini, au akishindwa kabisa, padre anaweza kumruhusu mume afunge ndoa na yule mwingine anayeiweza. Sijui kama ilikuwa kweli. Ya kisimani mengine ni povu. Lakini mimi niliidaka, nikaikumbatia, nikalala nayo.

Mtihani wa ubatizo wa Noeli ulipokaribia, Mama akaniambia, "Mama Mkubwa wako kichwa chake kizito, na mimi nina mashamba ya watu ya kusaidia kupanda. Kaa naye jioni umsikilize maswali." Alinikabidhi yeye mwenyewe. Nikakaa na Mama Mkubwa barazani, jioni baada ya jioni, akichambua maharage, nami namwuliza kama Mwalimu.

"Amri za Mungu ni ngapi?"

Akasita. "Kumi?"

"Saba," nikasema.

"Saba?"

"Saba, Mama. Sakramenti ndizo kumi."

Akanitazama kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa makubwa na mapole kama ya ng'ombe, samahani kwa kusema hivyo, lakini kwetu ng'ombe ni sifa. Kisha akasema taratibu, "Amri saba. Sakramenti kumi." Akarudia mara tatu. Akaendelea kuchambua maharage yake.

Tulikwenda misioni kwa miguu siku nzima. Padre alikuwa mzungu mwenye ndevu za kijivu, Kiswahili chake kizuri, ila kilitoka kwa kupanda na kushuka. Aliketi nyuma ya meza, watu wakapita mmoja mmoja, na sisi wengine tumejaa mlangoni. Baba akapita. Mama akaulizwa maswali akajibu hata yale ambayo hajaulizwa, mpaka Padre akatabasamu, akamwambia kwamba anajua vizuri sana, na kwamba na yeye atabatizwa, siku ile atakapokuwa amekwisha rudi kwao. Alisema kwa upole. Upole wake ndio unaoniudhi hadi leo.

Akaitwa Mama Mkubwa.

"Amri za Mungu ni ngapi?"

"Saba," akasema, sauti kubwa, wazi, yeye ambaye kwa kawaida humsikii.

Mlangoni watu wakaguna. Padre akafikiri hakusikia vizuri. "Na sakramenti?"

"Kumi."

Jamani, watu walicheka! Hata mzee aliyekuwa na meno mawili tu alicheka. Mama Mkubwa alisimama pale na mikono yake mikubwa imening'inia, hakuinamisha kichwa. Padre akauliza swali la tatu, na la nne, naye akakosa yote. Akaambiwa arudi Pasaka. Na Baba akaambiwa angoje, maana ubatizo wake na ndoa yake ni siku moja.

Njiani Baba alitembea mbele peke yake, mabega yameshuka. Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa nimeshinda, si ndiyo? Nilichoona ni mgongo wa mtu anayetoka kuwazika watoto wake mara ya pili.

Mama hakuwa mjinga. Kesho yake aliniita nyuma ya ghala. "Amri za Mungu ni ngapi?"

"Kumi."

"Nani kamwambia mwenzangu saba?"

Nikangoja kofi. Mama akaketi chini, akaanza kucheka, "Sakramenti kumi! Yesu na Maria, sakramenti kumi!" Akacheka mpaka machozi yakatoka, kisha kicheko kikaondoka machozi yakabaki. Nikamwambia nilitaka asiondoke. Akanivuta, kichwa changu akakiweka kifuani, akasema, "Najua." Hakunikemea hata kidogo. Afadhali angenichapa. Aliyechapwa amelipa, anakwenda kucheza.

Mvua zikashika, Januari ikaingia, na kazi ya matuta ikaanza. Kwa wasio wa kwetu nieleze kidogo. Sisi Wafipa hatuchomi nyasi tukapanda basi. Nyasi zikiwa ndefu na udongo umelowa, tunazikata, tunazikusanya mviringo, tunazifunika kwa mabonge ya udongo yaliyogeuzwa, mizizi ikitazama juu, mpaka linakuwa tuta la duara linalofika kiunoni. Hiyo ndiyo intumba. Unapanda maharage kidogo juu yake, unaiacha. Nyasi zinaoza humo ndani kiangazi chote. Mvua za mwaka unaofuata ndipo unazitawanya na kupanda ulezi. Kwa hiyo anayejenga intumba leo anajenga chakula cha mwakani. Kazi yake haioni mpaka mwaka ugeuke.

Mama alilima mwaka ule kama mtu aliyepagawa. Na alipolima alimweka Mama Mkubwa kando yake, akamfundisha. Alimpangia matuta kumi kwa mstari. Kila tuta amri moja, na hawasogei kwenye tuta jingine mpaka Mama Mkubwa aitaje ile amri huku jembe linapanda na kushuka. Kisha mstari mwingine, matuta saba, sakramenti. "Tuta la kwanza, dada!" Jembe likashuka. "La pili!" Jembe likashuka. Mimi kazi yangu ilikuwa kuleta nyasi. Nilizibeba kichwani mafungu kwa mafungu, nikazitupa miguuni pao, na kila tuta lililokwisha nilijua ni siku moja imepungua. Nililia chini ya nyasi, hakuna aliyeniona. Nilitaka mvua ikatike, majembe yavunjike, nzige waje. Hakuna kilichotokea. Mvua ya mwaka ule ilinyesha vizuri ajabu.

Kuna siku niliwaona wamesimama katikati ya mstari, majembe chini, Mama anasema na Mama Mkubwa anatikisa kichwa kukataa. Mama akamshika mikono yote miwili. Walikuwa mbali, sikusikia. Nilipofika na nyasi zangu wakaokota majembe.

Wiki moja kabla ya Pasaka, Mama Mkubwa akarudia mtihani. Alijibu yote. Alijibu huku mikono yake inapanda na kushuka mbele yake, hana jembe lakini mikono inalima, na Padre akastaajabu, ila majibu yalikuwa sawa.

Baba alinichukua Sumbawanga kununua kitambaa cheupe cha ubatizo. Mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu, mcheshi, mwenye wake watatu waliokuwa wakipishana uani na masufuria. Aliposikia habari zetu akampima Baba kitambaa na kumtania, "Wawili tu, bwana, wamekushinda?" Baba hakucheka. Njiani nikamwuliza kwa nini tusiende kwa Mungu wa mwenye duka. Nikapata kofi, la kwanza na la mwisho kutoka kwa baba yangu. Kisha akasimama kando ya njia, akatazama nyasi, akafuta uso kwa kile kitambaa cheupe, na kikabaki na doa la vumbi ambalo halikutoka.

Mama aliondoka Alhamisi Kuu. Jumatano Baba alikuwa ameshinda uani anachonga mpini mpya wa jembe la Mama. Aliupaka mafuta, akaupima mkononi, akauchonga tena. Jembe lenyewe halikuwa na kasoro. Alipomkabidhi alisema, "Ule wa zamani ulikuwa na ufa." Mama akasema, "Asante, baba." Hayo ndiyo maneno niliyoyasikia kati yao, na walikuwa wameishi pamoja miaka zaidi ya kumi.

Mimi sikwenda naye. Mtoto ni wa kwa baba yake, ndivyo ilivyokuwa, na isitoshe mimi ningebatizwa na kupelekwa shule ya misioni. Nilikimbia nyuma yake hadi kwenye kijito. Akageuka. Nilidhani atanibeba. Akasema, "Rudi. Mama Mkubwa yuko peke yake, na maharage hayajapaliliwa." Akaenda, na mzigo wake kichwani, jembe begani mahali ambapo yule mwanamke wa kwenye kitambaa alikuwa na kiriba. Kwetu uwanda ni wazi. Unamwona anayeondoka kwa muda mrefu sana. Sikuweza kumrudisha na sikuweza kuacha kumtazama.

Tulibatizwa. Kengele zililia. Baba alipomwagiwa maji alifumba macho, midomo ikatamka majina ya watoto wawili. Langu sikulisikia.

Mama alikwenda kwa kaka yake, upande wa Laela, mwendo wa siku nzima. Huko naye alibatizwa. Baba hakukataza nimtembelee, lakini Mwalimu alisema haipendezi, watu watasema mke bado yumo kwa mlango wa nyuma. Basi tukatii. Sisi tulikuwa watu wa kutii, na sijui hata leo kama hiyo ni sifa au ni ugonjwa.

Mwaka uligeuka. Tulitawanya matuta ya Mama, udongo ulikuwa mweusi, unanuka utamu wa kuoza. Ulezi ukakubali kuliko miaka yote. Mama Mkubwa hakula wa kwanza. Aliujaza kikapu, akanitwisha kingine kidogo, akasema Mwalimu na aseme atakalo, tukaenda kwa Mama. Mama aliushika ulezi kwenye kiganja, akaunusa, akamwuliza mwenzake, "Matuta ya ule mstari wa amri kumi?" Mama Mkubwa akasema, "Ya mstari wa amri kumi." Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilikuwa na uongo wangu kooni. Niliamini kwamba Mungu alikuwa akipanga jambo lake, nami nikatia mkono, akakasirika, akamwondoa mama yangu ili nijifunze. Mtoto anaweza kubeba fikra kama hiyo miaka mingi na akaendelea kucheza, kwenda shule, kuota matiti, watu wakasema ni mtoto mtulivu.

Baada ya hapo nilimwona siku ya kipaimara, misioni, amesimama mbali karibu na ukuta. Nilimwona siku ya ndoa yangu. Na nilimwona alipougua kifua, nikakaa naye siku tatu, nikarudi kwa mume wangu kwa sababu ya mtoto mchanga. Bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea bomani alipokufa.

Tulikwenda kumzika, mimi na Mama Mkubwa, na wanawake vijana wachache wa kijijini kwetu. Baba miguu yake ilikuwa imekwisha. Mama Mkubwa, yule mzito wa kusema, wakati ule alikuwa ndiye anayewafundisha wanawake dini kijijini kwetu. Ilikuwaje, sijui. Watu walimpenda kwa sababu hakuwaharakisha. Kaburini wakamwomba aongoze sala. Akaanza, na mikono yake ikaanza kupanda na kushuka. Wanawake waliotoka kwetu wakaitika, na nikaona mikono yao nayo inapanda na kushuka. Wote. Walijifunza hivyo, wakadhani ndivyo dini ilivyo. Sauti ya mama yangu ilikuwa imo ndani ya watu wasiomjua, na yeye yuko shimoni.

Shuleni nilikuwa nimekwisha jifunza kusoma, na nilikuwa nimemtafuta yule mwanamke wa kiriba. Mwalimu hakusema kweli yote. Hadithi ilimfuata. Maji yalipokwisha alimlaza mtoto chini ya kichaka akaketi mbali asimwone akifa, na Mungu akasikia, akamwonyesha kisima. Lakini baada ya kisima, hakuna aliyemrudisha nyumbani. Nimeisoma mara nyingi, natafuta mahali anaporudi. Mapadre wengi wameniambia kila mtu ana nafasi yake katika kazi kubwa ya Mungu, nami naamini, si kwamba siamini. Ila kuna watu nafasi yao ni kuwa nyasi za ndani ya tuta, na hakuna anayewauliza.

Wakati wa kurudi, Mama Mkubwa alibeba jembe la Mama. Mpini ule ule, umekuwa mweusi kwa mikono. Nikashindwa kunyamaza.

"Mama, ule mtihani wa kwanza. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Aliendelea kutembea. "Amri saba," akasema.

"Ndiyo."

"Sakramenti kumi."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

Akasimama. Akaweka jembe chini, akaninyooshea mikono yote miwili, vidole vimetawanyika. "Hesabu."

"Kumi."

"Hivi wewe, mwanangu, mimi na kichwa changu hiki, nilizishika amri kwa vidole hivi tangu mwaka wa kwanza wa mafundisho. Ulipoleta saba zako nilijua uchungu ndio umekutuma. Nikasema, mtoto huyu ana akili kuliko sisi wote. Padre aliponiuliza nikampa saba zako, na mengine nikayakosa mwenyewe, bila msaada."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilitaka aseme sifai, amchukue mama yako. Mimi sikuwa na mtoto wa kulea. Ningerudi kwetu."

Upepo ulikuwa unavuma kama kawaida yake. Nilikuwa nimebeba kosa ambalo halikuwa kosa. Miaka yote ile. Nikamwuliza, "Sasa Pasaka, mbona ulijibu?"

Akaokota jembe, akaufuta mpini kwa kanga ingawa haukuwa na kitu. "Mama yako alinigundua. Siku ile kwenye matuta, tulipogombana. Aliniambia, 'Dada, acha ujinga. Mume wetu anataka kwenda kuwaona watoto, na watoto ni wako. Akifika huko na mimi, si watauliza mama yetu yuko wapi? Wangu yu hai. Huyu nitamwona hata nikiwa kwa kaka yangu.'"

Akatangulia njiani na jembe begani.

Nilibaki nimesimama. Nikahesabu kwa vidole mara ambazo mama yangu aliniona, tangu Pasaka ile mpaka alipokufa. Ulezi. Kipaimara. Ndoa. Ugonjwa. Mkono wa pili sikuuhitaji.